Uzito wa Mwili na Mambo Ambayo Mizani Haisemi

Leo twapenda kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo kila mtu hudhani kuwa analijua, nalo ni uzito wa mwili. Mtu hupanda juu ya mizani, sindano ikatikisika, ikasimama; naye husoma hesabu, akashuka akifurahi au akisikitika. Akiona uzito umepungua, husema, "Nimekonda." Akiona umezidi, husema, "Nimenenepa." Lakini je, mizani imemwambia nini hasa? Imemwambia kiasi tu. Haikumwambia kitu chenyewe. Ni kama mtu aliyeonyeshwa gunia lililoshonwa mdomo, akaambiwa, "Gunia hili lina kilo 80." Naam, uzito ameujua, lakini ndani mna mchele au mna mchanga? Hawezi kujua mpaka alifungue.

Mwili wa mwanadamu nao ni gunia la namna hiyo. Ndani yake mna mifupa, mna damu, mna maji mengi, mna misuli, na mna mafuta, au shahamu kama wasemavyo watu wa pwani. Mizani hujumlisha vyote, ikatoa hesabu moja. Basi maneno yetu ya leo ni haya: yafaa tujue uzito wetu ni uzito wa nini. Tukilijua hilo, tutaokoka katika makosa mengi, na moja katika makosa hayo, kama mtakavyoona mwishoni, huweza kuua mtoto.

Tuwatazame kwanza watu wawili. Wa kwanza ni mchukuzi wa magunia bandarini; wa pili ni karani akaaye kitini tangu asubuhi hata jioni. Wote wawili wana kimo cha meta 1.70, na wote wawili wakipanda mizani wana kilo 80 sawasawa. Kwa mizani, watu hawa ni mapacha. Lakini wasimamishe mbele ya watu uone. Mchukuzi ana mabega mapana, kifua kilichojaa, mikono iliyokaza, na tumbo lililolala. Karani ana mashavu laini, mikono myororo, na tumbo linalomtangulia mlangoni. Makarani watusamehe, maana sisi walimu nasi tu katika kundi lao. Basi tofauti hii yatoka wapi, hali uzito ni mmoja?

Jawabu twaweza kulipata kwa ndoo moja ya maji. Darasani kwetu hufanya hivi, nanyi mwaweza kufanya nyumbani. Nunua kwa mwuza nyama kipande cha mnofu usio na mafuta, na kipande cha mafuta matupu, vyote viwili vya ng'ombe. Tia mnofu majini: utazama mpaka chini. Tia mafuta: yataelea. Ukiyasukuma chini kwa kidole, yatapanda tena. Sababu ni hii. Lita moja ya maji safi ina uzito wa gramu 1,000, yaani kilo moja. Lita moja ya mnofu ina uzito wa yapata gramu 1,060, ndiyo maana huzama. Lita moja ya mafuta ya mwili ina uzito wa yapata gramu 900 tu, ndiyo maana huelea.

Watu wengi wamelisikia jambo hili nusunusu, nao husema, "Misuli ni mizito kuliko mafuta." Hapo yapasa tuangalie sana. Mnakumbuka swali walilotuuliza wakubwa tulipokuwa wadogo: Kipi kizito zaidi, kilo moja ya pamba au kilo moja ya chuma? Mtoto asiyefikiri hujibu upesi, "Chuma!" na wenzake wakamcheka. Kilo ni kilo. Vivyo hivyo kilo ya misuli na kilo ya mafuta ni sawa mizanini. Tofauti yao ni nafasi. Kilo kumi za misuli hutaka nafasi ya lita 9 na nusu hivi. Kilo kumi za mafuta hutaka nafasi ya lita 11 na zaidi kidogo.

Sasa turudi kwa watu wetu wawili. Tuseme mchukuzi ana kilo 10 za mafuta mwilini mwake, na karani ana kilo 25. Basi karani ana kilo 15 za mafuta mahali ambapo mwenzake ana kilo 15 za misuli. Ukipiga hesabu utaona kuwa mwili wa karani umezidi ule wa mchukuzi kwa yapata lita mbili na nusu tu. Si nyingi sana. Lakini tazama zilipokaa! Misuli ya mchukuzi imetawanyika mabegani, mgongoni, mapajani na katika tafu za miguu. Mafuta ya karani mengi yamekusanyika tumboni. Kwa hiyo sura ya mtu yatokana na mambo mawili: kitu chenyewe kilichomo mwilini, na mahali kilipokaa. Mizani haijui hata moja katika hayo mawili.

Labda mtauliza, "Misuli ni nini, na mafuta yametiwa mwilini kwa kazi gani?" Misuli ndiyo ile nyama nyekundu ambayo kwa mnyama twaiita mnofu. Mwanadamu ana misuli zaidi ya 600 iliyoshikamana na mifupa yake. Kazi yake ni kuvuta. Msuli hausukumi kamwe. Huvuta tu, kama kamba. Ukikunja kiwiko, msuli wa mbele ya mkono hujikaza ukawa mfupi. Ukikinyosha, msuli wa nyuma huvuta na ule wa mbele hulegea. Katika mwili wa mwanamume mwenye afya, misuli hii huwa yapata sehemu mbili katika tano za uzito wote. Kwa mwanamke hupungua kidogo. Nayo, ijapokuwa ni imara, yapata robo tatu yake ni maji. Sehemu kubwa ya ile robo iliyobaki ni protini, nayo ni ile ile tuipatayo katika maharage, kunde, njugu, dagaa, maziwa, mayai na nyama.

Mafuta, kwa upande wake, ni ghala. Chakula kikizidi mahitaji ya siku, mwili haukitupi. Hukigeuza na kukiweka akiba. Na kwa nini kiwe mafuta, kisiwe kitu kingine? Fikirini safari ya miguu ya siku nyingi. Msafiri mwenye akili hachukui muhogo mbichi uliojaa maji. Huchukua makopa, muhogo uliokauka, ulio mwepesi na wenye chakula kingi. Ndivyo mwili ufanyavyo. Gramu moja ya mafuta ina nguvu zaidi ya mara mbili ya gramu moja ya wanga au sukari; tena mafuta hayahitaji maji mengi ya kuyahifadhi. Wanga ambao mwili huweka katika ini na misuli hukaa pamoja na maji yaliyo mazito mara tatu kuliko wanga wenyewe. Kama akiba yetu yote ingekuwa wanga, tungetembea na mzigo mkubwa ajabu.

Basi mafuta si adui. Hulinda figo zisigongwe, huzuia baridi, na humvusha mtu wakati wa ugonjwa na wa njaa. Mwanamke amepewa mafuta mengi kuliko mwanamume, kwa sababu mwili wake huenda ukachukua mimba na kunyonyesha. Kwa kijana wa kiume mwenye afya mafuta huwa yapata sehemu 15 katika 100 za uzito wake. Kwa kijana wa kike yapata sehemu 25. Mwanamke akipungukiwa mno mafuta, hata siku zake za mwezi huweza kukoma. Kwa hiyo msichana asijilinganishe na kaka yake, wala asione haya kwa umbo alilojaliwa na Muumba wake. Ubaya wa ghala si kuwako kwake. Ubaya ni kulijaza mwaka hata mwaka, lisifunguliwe kamwe.

Sasa tuwasimulie kisa kimoja cha kweli, kionyeshacho jinsi mizani ilivyowapoteza hata watu wenye elimu. Katika Vita Kuu ya Pili, wakubwa wa jeshi la Marekani walikuwa na jedwali lililoandikwa kimo na uzito. Mtu aliyezidi uzito ulioandikwa mbele ya kimo chake alihesabiwa kuwa hafai kazi ya vita. Katika jeshi la majini alikuwako daktari mmoja, Albert Behnke, aliyekuwa akichunguza miili ya wapiga mbizi. Mwaka 1942 yeye na wenzake walitangaza habari za wachezaji 25 wa mpira wa Kimarekani, mchezo ule ambamo watu hukimbia na mpira mikononi na kugongana kwa nguvu. Kwa jedwali lile, 17 kati yao walikuwa wazito mno, wasiofaa uaskari. Watu hodari kama hao!

Daktari Behnke hakuridhika na mizani ya nchi kavu. Aliwapima pia wakiwa wamezama majini, baada ya kutoa pumzi, na hewa iliyobaki mapafuni ikatiwa katika hesabu. Kanuni yenyewe si mpya. Husimuliwa kuwa Archimedes, mtaalamu wa Kiyunani wa mji wa Siracusa, aliitumia zaidi ya miaka 2,200 iliyopita kujua kama taji ya mfalme ni dhahabu tupu au imechanganywa na fedha. Nanyi mmeiona katika ndoo yenu: mafuta huinuliwa na maji, mnofu huzama. Mtu mwenye mafuta mengi, akizamishwa, uzito wake hupungua sana. Mwenye misuli mingi huhifadhi zaidi uzito wake. Na wachezaji wale, walipopimwa hivyo, ilionekana kuwa mafuta yao ni machache. Uzito uliowafanya wakataliwe ulikuwa uzito wa misuli. Jedwali lilikuwa limemwona mchukuzi likamwita karani.

Huenda mmepata kusikia katika zahanati juu ya kipimo kingine, ambacho uzito wa mtu kwa kilo hugawanywa kwa kimo chake kwa meta, kisha hugawanywa tena kwa kimo kile kile. Aliyekibuni ni Mbelgiji mmoja, Adolphe Quetelet, katika miaka ya 1830. Na mwaka 1972 Mmarekani Ancel Keys na wenzake walikipa jina kinachojulikana nalo hata leo. Shirika la Afya Duniani husema kuwa mtu mzima mwenye hesabu iliyo chini ya 18.5 amepungukiwa na uzito. Mwenye 25 au zaidi amezidi. Na mwenye 30 au zaidi ana unene wa kudhuru. Kipimo hiki chafaa sana kwa kutazama watu wengi pamoja, mji mzima au nchi nzima. Na Quetelet mwenyewe alikuwa mtu wa hesabu za watu wengi, hakuwa tabibu. Lakini wapimeni kwacho watu wetu wawili: 80 gawanya kwa 1.70, gawanya tena kwa 1.70, mtapata 27.7, kwa mchukuzi na kwa karani pia. Wote wawili huambiwa wamezidi. Kwa hiyo tukipewa hesabu hiyo tuiheshimu, kisha tuulize swali letu lile lile: Uzito wa nini?

Tukiisha kuyajua hayo, makosa matatu yaliyoenea kati yetu yatatoka wazi.

Kosa la kwanza ni kudhani kuwa mafuta hugeuka kuwa misuli kwa mazoezi, na kwamba misuli ikiachwa bila kazi hugeuka kuwa mafuta. La, sivyo. Hivi ni vitu viwili mbalimbali, kama kunde na mahindi. Kunde hazigeuki mahindi kwa kupaliliwa. Mtu afanyaye kazi ngumu, akala chakula chenye protini, nyuzi za misuli yake huwa nene. Na wakati huo huo ghala ya mafuta huweza kufunguliwa na kutumika kama kuni. Akiacha kazi, misuli husinyaa, na chakula kilichozidi hurudi ghalani. Mmepata kumwona mtu aliyevunjika mguu, ukafungwa plasta ngumu ya hospitali kwa majuma sita. Plasta ikifunguliwa, mguu ule huwa mwembamba kuliko mwenzake. Haukugeuka mafuta, umepoteza misuli kwa kukosa kazi. Naye akianza kutembea, hurudi polepole.

Katika jambo hili mna faraja pia. Mtu mnene akianza kulima kwa bidii au kutembea mwendo mrefu kila siku, huenda baada ya miezi miwili akapanda mizani, akakuta uzito haukupungua hata kidogo, akakata tamaa na kuacha. Kumbe mkanda wake umeingia matundu mawili ndani, na kilima kilichomhemesha sasa hukipanda akiongea. Amepoteza mafuta, amepata misuli. Mizani imetoa huku ikajumlisha huku, hesabu ikawa ile ile. Mkanda umesema kweli kuliko mizani.

Kosa la pili ni kusahau maji. Lita moja ya maji ni kilo moja. Mtu aliyelima juani tangu alfajiri mpaka adhuhuri huweza kutoa jasho la lita moja, mbili, au zaidi. Akipimwa hapo ataonekana amepungua. Akinywa maji na kula chakula chake, uzito hurudi. Kwa hiyo mtu akikuambia kuwa ana dawa ya kupunguza kilo tatu kwa siku mbili, ujue kuwa akuuzia choo na mkojo wako mwenyewe. Dawa za kuharisha na za kukojoza hutoa maji. Mafuta hubaki mahali pake, wakacheka.

Kosa la tatu ni kinyume cha hilo. Wako watu, hasa vijana wa kike, watamanio kunenepa ili waonekane wamenawiri, nao hununua vidonge vichochoroni. Baadhi ya vidonge hivyo ni dawa kali za jamii ya steroidi, ambazo tabibu huwapa wagonjwa kwa uangalifu. Akizitumia mtu bila tabibu, uso hujaa na kuwa mviringo kama mwezi, maji na mafuta huongezeka, na wakati huo huo misuli ya mapaja na mikono huliwa. Kwa nje huonekana ameongezeka. Kwa ndani amepungukiwa nguvu, na mifupa yake imedhoofika. Wahenga walisema, "Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti."

Tena tulisema kuwa mahali pa mafuta ni jambo kubwa. Yako mafuta yaliyo chini ya ngozi, ambayo huweza kushikwa kwa vidole. Na yako yaliyo ndani ya tumbo, yazungukayo ini na matumbo. Haya ya ndani ndiyo yenye hatari zaidi, maana huandamana na kisukari, shinikizo la damu na maradhi ya moyo. Wanaume huelekea kuyaweka huko mapema. Wanawake huweka zaidi nyongani na mapajani, mpaka wakiisha kukoma hedhi. Ili ujue hali yako huhitaji mashine. Twaa uzi ulio sawa na kimo chako, ukunje katikati, kisha uzungushe kiunoni, juu kidogo ya kitovu. Ncha zikikutana, vema. Zisipokutana, kiuno chako kimezidi nusu ya kimo chako, nawe yapasa ufikiri juu ya chakula chako, vinywaji vyako na kazi ya mwili wako, na kumwona mganga wa hospitali akupime.

Wazee nao wasisahauliwe. Mtu apitapo miaka thelathini na kitu, misuli yake huanza kupungua kidogo kidogo, na baada ya sitini hupungua kwa haraka zaidi. Huenda uzito wake usibadilike, kwa kuwa mafuta hushika nafasi ya misuli. Lakini kuinuka mkekani humshinda, na kuanguka huwa rahisi. Basi mzee asiambiwe, "Kaa tu, baba, umekwisha choka." Apewe kazi ya kiasi chake, atembee, na apewe sehemu yake ya maharage, samaki na maziwa.

Na sasa twaja katika jambo lile tuliloahidi tangu mwanzo, nalo ni kubwa kuliko yote. Fikirini mtoto wa mwaka mmoja na nusu. Mama yake amepata mimba nyingine, mtoto ameachishwa ziwa. Analishwa uji mtupu wa muhogo au wa mahindi, asubuhi na jioni. Mara kwa mara ameharisha. Baada ya majuma machache uso wake unajaa, mashavu yanakuwa mviringo, miguu inanenepa. Jirani akipita husema, "Hongera, mama, mtoto amenawiri!" Akipimwa, uzito wake hauonekani kuwa mbaya sana. Lakini mtoto hachezi. Hataki kula. Hulialia kwa sauti ndogo akiguswa. Nywele zake zimekuwa chache, nyepesi, na rangi yake imegeuka kuwa nyekundunyekundu. Ngozi yabambuka.

Ndugu, huo si unene. Ni maji. Mtoto yule ameshikwa na kwashakoo, ambao wengine huuita unyafuzi. Mwaka 1933 daktari Cicely Williams, mwanamke mzaliwa wa Jamaica, aliyekuwa akifanya kazi Gold Coast, nchi ambayo leo ni Ghana, aliandika habari za ugonjwa huu; na mwaka 1935 akautaja kwa jina walilolitumia Waga, wenyeji wa huko, kwa maradhi ya mtoto aliyeondolewa na mdogo wake. Kwa hiyo kabla ya waganga kuandika, akina mama wa Kiafrika walikuwa wamekwisha kuona chanzo chake. Baadaye huko Kampala, katika hospitali ya Mulago, Hugh Trowell na wenzake waliuchunguza kwa miaka mingi, wakatoa kitabu juu yake mwaka 1954. Zamani ilidhaniwa kuwa sababu ni upungufu wa protini peke yake. Siku hizi wataalamu huona kuwa sababu ni nyingi zilizofungamana, kama vile chakula duni cha namna moja, maambukizo, na kuharisha.

Angalieni basi jinsi macho na mizani vyote viwili vilivyodanganyika. Mwili wa mtoto uliokosa chakula umekula misuli yake wenyewe. Na mahali pa misuli iliyokwisha, maji yamejaa chini ya ngozi. Kilo za nyama zimeondoka, kilo za maji zimeingia, na hesabu yasema hakuna neno. Mtoto aliyebaki ngozi na mifupa humhuzunisha kila amwonaye, naye hupelekwa zahanati. Huyu aliyevimba hupongezwa, naye hufa akisifiwa.

Lakini kuna njia rahisi ya kumjua. Bonyeza kwa kidole gumba juu ya nyayo zote mbili za mtoto, polepole, ukihesabu moja, mbili, tatu. Kisha inua kidole. Ikiwa shimo limebaki katika miguu yote miwili, kama alama ya kidole katika unga uliokandwa, mchukue siku hiyo hiyo uende zahanati, hata kama mizani imesema vema. Njia ya pili ni utepe wa kupimia mkono, walio nao wahudumu wa afya. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5, sehemu ya juu ya mkono, katikati ya bega na kiwiko, huzungushwa utepe. Ukionyesha chini ya sentimeta 11.5, mtoto yu hatarini sana. Baina ya 11.5 na 12.5, yapasa aangaliwe na kulishwa vema. Mkono huo mdogo ndipo misuli na mafuta yake yalipo, ndiyo maana husema kweli.

Tena kuna neno moja ambalo twawaomba akina mama walishike. Mtoto huyu akiisha kulazwa na kuanza kutibiwa, katika siku za kwanza uzito wake huweza kushuka, wala si kupanda. Mama aonaye hivyo huweza kushtuka, akasema, "Hapa wananimaliza mwanangu," akambeba kumrudisha nyumbani. Asifanye hivyo! Uzito unaoshuka ni maji yanayoondoka. Uso ukiisha kupungua, mtoto huanza kutazama, kutaka chakula, hata kutabasamu. Na hapo ndipo uzito wa kweli, uzito wa misuli, uanzapo kupanda kidogo kidogo. Kwa mtoto huyu kushuka kwa sindano ya mizani ndiyo habari njema.

Hatusemi mizani itupwe. La, hasha. Mtoto na apimwe kila mwezi, na kadi yake itunzwe kama hati ya shamba, maana mtoto ambaye uzito wake hauongezeki yu katika shida. Tusemalo ni kwamba shahidi mmoja hatoshi kukata shauri. Mizani iseme, kisha tumwulize uzi wa kiunoni, tumwulize mkanda, tuulize mkono na miguu, na zaidi ya yote tuulize nguvu: Je, mtoto anacheza? Je, mzee anainuka mwenyewe? Je, kijana anapanda kilima bila kuhema? Hao wote wakikubaliana, tumeijua kweli.

Basi leo jioni, kabla ya kulala, kila mwenye mtoto mdogo aliyeachishwa ziwa na ambonyeze miguu, akihesabu moja, mbili, tatu. Kazi hiyo haina gharama.